Mistari ya Ukuta wa Ghala

Huyu ndiye Bibi Fagio: binti wa mchimba visima ambaye hakuwahi kuacha kisima kikavu, mjukuu wa mkunga aliyezalisha nusu ya mtaa wa sokoni, mjane wa fundi mwashi aliyejenga ghala la soko kwa mawe, na yeye mwenyewe mfagiaji wa mifereji ya halmashauri kwa miaka thelathini na mmoja. Katika miaka hiyo yote alikosa kwenda kazini siku nne tu: tatu za kujifungua, na moja ya kumzika mumewe. Asiyejua hayo ndiye anayethubutu kumwita "yule bibi wa takataka", kama walivyomwita ofisini.

Baba yake alimfundisha kwamba maji ni mgeni asiyesahau: ukimnyima kitanda chake, atalala kwenye chako. Kwa hiyo kila mafuriko yalipopungua, kabla tope halijakauka, alichukua tindo la mumewe akachonga mstari kwenye ukuta wa ghala, pale maji yalipofika. Hakuna aliyemtuma, wala hakuna aliyemlipa. Mistari ikawa kumi na saba. Ule wa juu kabisa ni wa mwaka ambao maji yaliwachukua watoto wawili wa muuza mboga wakiwa usingizini. Huo aliuchonga huku analia, akaukata kwa kina mara mbili.

Alipokwisha kustaafu, halmashauri ikaleta Mpango Mkakati wa miaka mitano, Mji wa Kijani, naye akaalikwa kwenye mkutano wa wadau. Mdau! Akaketishwa nyuma karibu na mlango wa choo, akapewa soda ya moto, akasaini mahudhurio. Mbele kulibandikwa ramani: kliniki ya watoto itajengwa bondeni, chini ya ghala, penye matete.

Akanyoosha mkono. "Mwanangu, mvua kubwa ikija, maji mtayapeleka wapi? Hayo matete ndiyo kitanda chake."

Afisa Mipango, mwanaume wa tai nyekundu, akatabasamu. "Mama, mazingira tumeyazingatia. Tutapanda maua pande zote. Na wataalamu wameandika kwamba bonde hilo halina kumbukumbu ya mafuriko."

"Halina kumbukumbu? Nenda kaangalie ukuta wa ghala!"

"Maoni yako tumeyapokea, mama."

Kupokelewa kwenyewe ndiko huko, kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Wiki iliyofuata alipita sokoni akakuta ukuta mzima umepigwa plasta na rangi ya kijani kwa ajili ya uzinduzi. Juu yake wameandika kwa herufi kubwa: TUTUNZE MAZINGIRA. Mistari kumi na saba, yote imefukiwa. Bibi Fagio alisimama mikono kiunoni. Mtu akuibie kuku, kisha akuulize kwa nini hufugi!

Siku ya uzinduzi wageni waliketi kwenye viti vilivyovalishwa vitambaa. Bibi Fagio akapita katikati yao na kikapu chake, akapima shibiri nne kwenda chini kutoka bawaba ya juu ya mlango wa ghala, akatoa tindo na nyundo, akagonga.

Askari wa halmashauri akaja mbio. "We bibi! Unaharibu mali ya umma!"

"Hiyo mali nimeizolea uchafu wewe ukiwa bado unanyonya. Nikamate basi, ila polepole, magoti mabovu."

Watu wakaangua kicheko. Yule muuza mboga hakucheka. Aliacha meza yake, akaja akasimama kati ya askari na Bibi Fagio. Askari akarudi nyuma.

Plasta ikadondoka pande kubwa, na ule mstari wa juu kabisa ukatokea.

"Afisa, njoo."

Mwenyekiti wa halmashauri akamtolea Afisa jicho, kwamba akaimalize hiyo aibu. Akaenda. Bibi Fagio akamgeuza, akamwegemeza mgongo ukutani kama mtoto anayepimwa urefu. Mstari ulikuwa sawa na fundo la tai.

"Hapa ni juu. Kule bondeni ni chini zaidi kwa kimo cha mtu mzima. Haya, niambie, mtoto wa kliniki atasimama wapi? Juu ya maua?"

Safari hii hakuna aliyecheka.

Mwenyekiti alizungumzia changamoto, akakata utepe vilevile, asiombe radhi hata ya uongo. Lakini kesho yake asubuhi Afisa alirudi peke yake, hana tai, akakwangua plasta mpaka mistari yote ikaonekana, akaipima mmoja mmoja na kuiandika. Baada ya miezi miwili ya mabishano, baraza likaihamishia kliniki juu, mahali palipotengwa kuegesha magari ya wakubwa. Matete yakaachwa. Wakubwa walinuna. Na wanune, kununa hakuui, maji yanaua.

Afisa akaja nyumbani kumpa habari. Bibi Fagio hakumshukuru. Mtu anashukuriwa kwa kutowazamisha watoto? Aliingia ndani, akatoka na tindo limefungwa kitambaa, akamtia mkononi.

"Magoti yangu hayapigiki tena. Mvua ikikatika, kabla tope halijakauka, uende ukachonge. Usiagize mtu."

"Mimi mwenyewe, Bibi?"

"Kwani mpango ni wa nani? Na ufike mapema, tope halikungoji umalize kikao."