Nilifuta Sauti ya Marehemu, Lawama Nikamwachia Saumu

Kosa ni langu, tena si moja. Jamani, nisikilizeni tu, nitue huu mzigo.

Mimi ni mwanamke fundi wa kompyuta, nina kiduka changu Changamwe. Mwaka jana alinijia Bi Zuhura, mjane wa Jomvu Kuu, na diski aliyoifunga kwa leso. Ndani mlikuwa na darsa za marehemu mumewe, alizorekodi miaka mingi.

"Mwanangu, nitilie kwenye flashi. Nataka nimsikie nikiwa jikoni."

Kila nikinakili, kazi inakwama kwenye faili moja tupu. Jina lake alama ya kinyota tu, basi. Nikaamua kulifuta kwa kuandika amri.

Wallahi nilijua! Kwenye amri, kinyota maana yake "vyote". Jina kama hilo lazima ulifunge ndani ya alama za kunukuu, kompyuta ijue ni jina. Lakini nilikuwa na haraka, simu inalia. Nikaandika kinyota kitupu, nikabonyeza.

Darsa zote zikaenda! Sikuwa nimetoa nakala hata moja. Nilihangaika siku tatu kuzirudisha, nikaambulia sauti za mikwaruzo tu.

Ningesema kweli, yangekwisha. Lakini nilipomwona Bi Zuhura anaingia, uongo ukanitoka: "Bibi, diski hii iliangushwa."

Akawaza. "Anayepangusa kabati ni Saumu," akasema. Saumu ni mke wa mwanawe.

Nikanyamaza. Mimi huyu, nikanyamaza!

Mwezi ukapita. Saumu akaja dukani na begi, macho yamevimba. "Wamenirudisha kwetu Timbwani. Mume wangu hakunitetea hata kwa neno. Dada, wewe fundi, niambie, diski huvunjika bila kuguswa?"

Nikamwambia kweli palepale. Akachukua begi lake, akaenda.

Nikafunga duka, nikaenda Jomvu kuungama. Bi Zuhura hakupiga kelele. "Sauti ya mume wangu ningekusamehe, mwanangu. Mkono huteleza. Lakini mkaza mwanangu nimemtoa nyumbani kwa neno lako."

Alimfuata Saumu mara mbili kumwomba radhi. Hakukubali kurudi. Talaka imeshatoka.

Wateja wangu hawajui, bado wananiita fundi hodari. Natamani ardhi inimeze!

Mafundi wenzangu, toeni nakala kabla hamjagusa kitu cha mtu. Na ukiharibu, sema umeharibu, usingoje kesho. Mimi nilichelewa mwezi mmoja tu.