Nilimwambia Mzee Des Bunduki Yake ni Salama

Fundi aliifungua ile bunduki, akachungulia mitutu yote miwili, kisha akatutazama.

"Nani alisema hii ni salama?"

Mimi.

Ilikuwa 2016. Nilikuwa nahudumia wazee majumbani huko ughaibuni, mtaa wa St Marys. Mzee Des alikuwa na miaka themanini na nne, macho yamefifia. Siku ya kwanza aliniuliza Kenya nilifanya kazi gani. Nikajifanya mjanja.

"Nilikuwa mwindaji."

Uongo mtupu! Meru nilikuwa nauza simu.

Alifurahi mpaka nikaona haya kumwambia ukweli. Mwaka mzima nikampigia stori za jaba, chumvi tupu, kuhusu nyati.

Asubuhi moja akafungua kabati la chuma. Bunduki ya babu yake.

"Rafiki, Jumamosi ni birthday yangu. Nataka ipigwe kule klabu ya shabaha. Wewe mtaalamu. Bado inafaa?"

Nikaigeuza geuza. Mitutu ilikuwa na michirizi kama mawimbi. Hata sikujua inafunguliwa wapi.

"Iko sawa, Mzee."

"Nakuamini."

Jioni nikarudi nyumbani. Nikamweleza mke wangu, Kendi. Akaweka mwiko chini.

"Mwiti, wewe umewahi kushika hata manati? Na huyo mzee akifa?"

Kesho yake nikarudi kwa Mzee Des.

"Mzee, nilikudanganya. Sijawahi kuwinda hata panya."

Akaitoa bunduki kabatini.

"Twende kwa fundi."

Fundi akatuonyesha. Michirizi ile ni vyuma vilivyosokotwa na kufuliwa pamoja, kazi ya zaidi ya miaka mia iliyopita, ya enzi za baruti nyeusi, isiyo na nguvu kama ya leo. Ndani, kutu ilikuwa imechimba vishimo.

"Risasi ya siku hizi ingepasua mtutu hapa, juu ya mkono, karibu na uso. Iwekeni kama kumbukumbu. Msiipige kamwe."

Nikamgeukia Mzee Des, machozi yananilengalenga.

"Ungekufa kwa sababu yangu."

"Mimi?" Akashangaa. "Kwa macho haya nipige nini? Nafasi niliyochukua klabuni ni yako. Nilitaka ipigwe na mwindaji."

Nikakaa sakafuni pale pale.

Hakunifukuza. Lakini hakuniuliza tena habari za nyumbani, hadi alipofariki. Kimya kile kinanila mpaka leo.

Ndugu zangu, kama hujui, sema hujui. Utaaibika dakika moja, basi. Na bunduki ya urithi, kabla mtu hajaitia risasi, ifike kwanza kwa fundi.