Sifuri ya Watu Wawili

Hospitali nzima ilimwita Fundi Picha, na kazi yake aliiweza, hilo tusimnyime. Katika chumba kile chenye baridi cha kupigia picha za mwili, yeye ndiye aliyekulaza kwenye kitanda cha mashine akakwambia, "Vuta pumzi, ibane," nawe ukaibana hata kama ulitoka kwako na ubishi.

Alikuwa na pacha wake, kinyozi, mtaani wakimwita Wembe. Sura moja, kicheko kimoja, hata kukoroma walikoroma sawasawa. Baba yao moyo ulimwangusha akiwa na miaka arobaini na miwili, hakumuaga mtu. Sasa wao walikuwa na thelathini na tisa, na Fundi alikuwa na hofu moja tu duniani: kwamba Wembe ataondoka vilevile. Maana sigara alizivuta huyo, weee! Utadhani tanuri la matofali.

Siku mashine ilipomaliza kutengenezwa, alitakiwa mtu wa kuijaribia. Fundi akajilaza mwenyewe. Kipimo chenyewe huhesabu chokaa iliyoganda kwenye mishipa ya moyo. Namba ikiwa kubwa, uko pabaya. Yake ilitoka sifuri.

Alikwenda mbio hadi kwa kinyozi, koti la kazi bado mwilini. "Sifuri, bwana!"

"Yako au yangu?" Wembe aliuliza, povu la sabuni mkononi.

"Tumbo moja, siku moja. Picha moja inatutosha."

"Basi mimi nimepona bila kuvua shati!"

Wateja walicheka, mmoja nusura akatwe sikio. Jamani, mtu mzima na elimu yake! Mgonjwa mwingine yeyote, Fundi asingemwambia hivyo hata kwa mzaha. Lakini furaha ilimziba macho, na sigara hazikutajwa tena.

Miezi mitatu baadaye Wembe alianza kulalamikia jino la chini. Lilimuuma akipanda ngazi za kwake, ghorofa ya tatu, akikaa linatulia. Jino gani hilo linalojua ngazi? Fundi hakujiuliza. "Kaling'oe," alisema. Wembe akaling'oa: jino zima, jeupe, halina hata tobo. Alilifunga kwenye kitambaa akamletea ndugu yake, wakalicheka wote wawili.

Jumanne iliyofuata alianguka dukani kwake, mteja amenyolewa upande mmoja. Fundi alipofika, mashine ya kunyolea ilikuwa bado inanguruma sakafuni. Akaizima.

Daktari wa moyo hakumkaripia. Alimweleza taratibu kwamba chokaa ni kovu la ugonjwa wa siku nyingi. Kwa vijana, mafuta kwenye mishipa huwa bado laini, hayajashika chokaa, na kipimo kile hakiyaoni. Yakipasuka, damu inaganda, mlango umefungwa. Tena ile sifuri haikuwa hata ya Wembe.

"Na lile jino ulilonisimulia..." daktari alianza.

"Ulikuwa moyo," Fundi alimmalizia. Hayo yote alikuwa ameyasoma chuoni.

Jumapili alikwenda kwa shemeji yake, mjane wa Wembe. Mama wa watu alifungua mlango, akasimama pale pale.

"Shemeji, nilimwambia aende hospitali. Akanijibu, ndugu yangu keshanipimia."

Hakuyasema kwa hasira. Afadhali angemtukana. Mara binti wa Wembe, wa miaka mitatu, alichomoka chumbani, akamkumbatia miguu. "Baba! Baba amekuja!"

"Huyo si baba," mama yake alisema. Mtoto akatazama juu, akaiona sura ileile, akazidi kukaza mikono.

"Usije tena kwa sasa, shemeji, nakuomba," mama alisema. "Kila ukiondoka, naanza upya kumwambia."

Fundi aliinama, akamtoa mtoto miguuni, kidole kimoja kimoja, akashuka ngazi.