Msiniite Ruthu

Jina hilo alilipata siku ya arobaini ya mumewe, na aliyempa alidhani anamtendea wema. Katekista Othmar, mtu mwenye sauti tamu na haraka ya kuhitimisha mambo, alisimama mbele ya waombolezaji akasema Jumuiya ya Mtakatifu Monika imebarikiwa kumpata Ruthu wake yenyewe: mwanamke aliyetoka mbali, akafiwa na mume, na bado hajamwacha mama mkwe. Watu wakaitikia kwa vigelegele, msibani. Tangu siku hiyo Verediana akawa Ruthu kisimani, Ruthu kwenye mashine ya kusaga, Ruthu hata kwenye mstari wa komunyo. Aliitika, maana alilelewa vizuri, lakini jina lilimkera kama kokoto ndani ya kiatu.

Kwao ni Lituhi, chini ziwani. Alipanda Mbinga akiwa na miaka kumi na tisa, na ndoo mbili za dagaa wa kuuza. Joakim, kijana mrefu wa Namswea asiyejua kuongea na wasichana, alinunua fungu, akaondoka, akarudi akanunua jingine, akarudi tena. Mara ya tatu Verediana alimwuliza kwao wanafuga paka wangapi. Yule kijana akacheka mpaka akasahau aibu, na mambo mengine yakafuata yenyewe, pamoja na posa, padri, na safari ya shangazi wanne kutoka ziwani waliolalamikia baridi njia nzima.

Ndoa ilianza vizuri, shamba likaanza vibaya. Msimu wa kwanza bibi harusi alitaka kuwaonyesha wakwe kwamba si mvivu. Alidamka peke yake akapanda mlimani akapiga matuta kama ya muhogo wa kwao, marefu, yamenyooka, kutoka juu ya mteremko hadi chini. Yalipendeza kweli. Mvua ya siku mbili ikayashusha yote mtoni, udongo, mbegu na sifa zake, na majirani wakawa wanapita kwa makusudi kutazama matuta ya Lituhi. Umatengo, huku milimani, hawalimi hivyo. Mwanamume hufyeka majani, akayaacha yakauke, kisha akayalaza kwa mistari inayokatizana mpaka mlima mzima unakuwa miraba. Mwanamke huchimba katikati ya kila mraba na kufunika majani kwa udongo pande zote nne. Maharage hupandwa juu ya kingo, na maji ya mvua hutulia shimoni badala ya kukimbia na shamba. Wenyewe huita ngolo.

Mama mkwe wake, Bibi Dafrosa, hakucheka wala hakukaripia. Alichukua jembe, akachimba shimo moja mbele yake taratibu, akamwachia la pili. Msimu wa nne mashimo ya Verediana yalikuwa yamekaa sawa kiasi kwamba watu walianza kuwaleta kwake mabibi harusi wao wakajifunze. Jambo hilo lilimfurahisha kupita kiasi, na hakujisumbua kulificha. Mtu aliyechekwa na kijiji kizima, kisha kijiji hicho hicho kikamletea wanafunzi, ana haki ya kutembea kifua mbele.

Miaka ishirini ya ndoa ikapita. Walipata mtoto mmoja, Beata, ambaye ameolewa Songea. Joakim alikuwa ndiye mtoto pekee wa Bibi Dafrosa aliyebaki hai, na homa ilipomchukua, nyumba ikabaki na wanawake wawili. Verediana akashika mundu akafanya na kazi ya kiume, akafyeka, akalaza majani, akachimba. Watu walisema Ruthu ana nguvu. Hakuna aliyesema Verediana ana shamba.

Mwezi Machi wa mwaka wa pili, katikati ya Kwaresima, alipanda mlimani na mundu wake akakuta kazi imekwisha fanywa. Majani yalikuwa yamefyekwa, yamelazwa kwa miraba mizuri, kuanzia juu hadi kwenye migomba. Kwa dakika moja alidhani ni msaada wa jumuiya akafurahi. Kisha akakumbuka kwamba mwanamume halazi majani mahali ambapo mke wake hatachimba. Jastini, mtoto wa Leopold, alikuwa anaoa baada ya Pasaka.

Leopold ni mtoto wa baba mdogo wa Joakim, na sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Si mtu mbaya. Alikuja mwenyewe kueleza, akakalia kigoda, akazungusha kofia mikononi. Alisema mteremko ule ni wa ukoo na ukoo hupita kwa watoto wa kiume. Joakim hakuacha wa kiume. Jastini anahitaji pa kuanzia. Na shemeji ana kaka zake ziwani ambao hawawezi kumtupa. Kikao cha ukoo kingekaa Jumamosi kumalizia. Mama mkubwa, yaani Bibi Dafrosa, angetunzwa, hilo asiwe na shaka nalo. Verediana alimpa chai. Alipoondoka, alimpigia simu kaka yake Bernadi, naye akamwambia arudi tu, kuna chumba. Chumba! Mwanamke wa miaka arobaini na moja, mwenye mlima mzima wa mashimo aliyochimba kwa mikono yake, anaambiwa kuna chumba.

Alhamisi ilikuwa siku ya jumuiya, na zamu ilikuwa nyumbani kwa Leopold. Katekista Othmar, ambaye alijua kikao kinakuja na hakupenda ugomvi, alikuwa amechagua habari ya Ruthu isomwe, na akamtumia Verediana ujumbe aongoze tafakari, maana nani angefaa zaidi. Alitaka kumlainisha, na alifikiri ni busara. Kosa lake ni kwamba alimpa siku tatu za kujiandaa. Verediana aliisoma habari ile mara tano jikoni, kidole juu ya mstari, uji ukimwungulia.

Othmar alitangulia. Alisema Ruthu alifuata, akanyamaza, hakudai kitu, na kwa sababu hakudai, Mungu alimpa vyote. Leopold akatikisa kichwa kukubali. Kisha wakamgeukia Verediana, aliyekaa mkekani kando ya mama mkwe wake.

Alianza kwa upole. Alisema maneno ya Ruthu njiani kila mtu anayajua, yanasemwa hata kwenye harusi: utakapokwenda nitakwenda, watu wako watakuwa watu wangu, utakapozikwa nitazikwa. Ni kiapo kizito. Lakini yeye alikuwa ametafuta jibu la Naomi, akatafuta tena, na hakulikuta. Naomi alinyamaza tu, wakaendelea kutembea. Walipofika Bethlehemu wanawake wa mji wakatoka kumlaki, naye Naomi akawaambia kwamba aliondoka amejaa na amerudi mtupu.

"Na Ruthu amesimama hapo hapo," Verediana alisema. "Anasikia."

Hakumtazama Bibi Dafrosa, na mtu yeyote mwenye macho aliona kwamba anajizuia kumtazama. Akafungua ukurasa mwingine, akaja kwenye kiwanja cha kupuria, na wazee wakaanza kujiweka sawa kwenye viti, kwa kuwa ile si habari ya kusimuliwa mbele ya mkwe. Yeye hakuikwepa. Alisema kila aliyevuna maharage hapa anaijua kazi ya kupura, na anajua kwamba wanaume hulala kando ya lundo kulilinda, kwa hiyo Boazi, mwenye shamba na ndugu wa mume wa Naomi, hakufanya ajabu yoyote kulala pale. Ajabu ni ya Ruthu. Naomi alimwagiza ajilaze miguuni pa yule mzee angoje, naye angemwambia la kufanya. Ruthu hakungoja kuambiwa. Yeye ndiye aliyemwambia mzee la kufanya: nifunike kwa vazi lako, wewe ni ndugu wa karibu, huu ni wajibu wako. Hildegardi, jirani yake, alijiziba mdomo kwa kanga mabega yakimtikisika. Othmar akatazama paa.

"Kwa hiyo Mwalimu, kwa heshima yako, alidai," Verediana alimwambia katekista. "Alidai, na wala hakukemewa."

Akafunga kitabu. Alikuwa amepanga kuishia hapo. Lakini alimwona Leopold akitabasamu kwa adabu, tabasamu la mtu anayengoja mgeni amalize kusema, na hasira ikampanda.

"Nina ombi moja. Msiniite Ruthu. Ruthu aliokota masazo nyuma ya wavunaji, kwenye shamba la mtu, akashukuru. Mimi sijaokota. Mimi lile shamba nimelichimba, na wake zenu wengi nimewafundisha kuchimba. Mkitaka kuniondoa, niondoeni kwa jina langu. Naitwa Verediana."

Hakuna aliyeanzisha wimbo. Leopold alisema, shemeji, tutazungumza Jumamosi, na Othmar akafunga kwa sala fupi kuliko zote alizowahi kusali.

Wakarudi nyumbani wawili. Bibi Dafrosa hakusema kitu njiani, wala wakati wa ugali, wala Ijumaa kutwa, wala kwenye Njia ya Msalaba ambako alipiga magoti vituo vyote kumi na vinne bila kushikwa mkono. Kukataa mkono ndiko kulikomwumiza Verediana. Aliona amevuka mpaka. Mkamwana hasemi habari za kiwanja cha kupuria mbele ya mama wa mumewe, tena nyumbani kwa watu, na zaidi ya yote hamfananishi na mtu aliyejiita mtupu. Leopold angeweza kumchukulia shamba. Kumpoteza yule bibi kulikuwa kumpoteza mtu wa mwisho aliyemfanya wa pale, na hilo aliliogopa hasa.

Jumamosi ukoo ulijaa uani. Leopold alieleza vizuri, bila jeuri, akataja marehemu kwa heshima, akataja desturi, akataja ndoa ya Jastini. Wazee wawili waliunga mkono. Kisha, kwa kutimiza adabu, wakamwuliza Bibi Dafrosa kama ana neno. Kila mtu alitegemea aseme amesikia.

Alisema kwa Kimatengo, kwa sauti ndogo, wakalazimika kuinama kumsikiliza.

"Siku tulipomzika Joakim nililia nikasema nimebaki mikono mitupu. Mlinisikia wote. Na huu mkono hapa," akainua wa kushoto, "ulikuwa umeshikwa na yeye, mkamwana wangu. Alinisikia nikisema nina mikono mitupu, naye ameushika mmoja. Hakuniambia chochote. Kesho yake alinichemshia maji ya kuoga. Alhamisi nilitambua kwamba miaka miwili amekaa na neno lile, na kwa siku mbili hizi nimetafuta la kusema nimeona haya."

Verediana alitazama chini. Hakuwa amejua kwamba bibi alikumbuka.

"Jastini ana baba, na baba yake ana mteremko wa pili kule nyuma ambao amechoka kuulima. Aanzie huko. Majani yale mliyofyeka, asanteni, mmetusaidia. Jumatatu tutachimba."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wawili. Leopold alifungua mdomo. Bibi aliinua tena mkono ule ule, naye akaufunga, kwani kumbishia mama mkubwa mbele ya ukoo ni jambo ambalo lingemfuata mpaka kaburini.

"Sijamaliza. Makaburini, kando ya Joakim, pamebaki nafasi mbili. Moja yangu. Katika kila msiba hapa nasikia mnaulizana, huyu wa ziwani tutamsafirishaje siku yake ikifika, gari litafika vipi Lituhi na njia ile. Msihangaike na gari. Ile ya pili ni yake. Atalala kati yangu na mwanangu, na atakayemhamisha anihamishe na mimi."

Katekista Othmar, aliyeitwa kuwa shahidi, alikuwa ameshika kofia kifuani kama aliye kanisani. Wazee wakatazamana, na mkubwa wao akasema neno la mama limesikika, liandikwe.

Mwandishi wa kikao alikuwa Jastini mwenyewe. Alivuta daftari, akasita, akamtazama Verediana kwa aibu ya kijana aliyefyeka shamba la mtu. Alimwuliza, mama, niandike jina gani.

Verediana alisimama. Alijifunga kanga upya, akaikaza, akanyoosha mgongo. Alijisikia mkubwa siku ile kuliko siku ya harusi yake, wala hakuona sababu ya kujipunguza. Akalitaja jina lake lote, la ubatizo na la baba yake wa Lituhi, na mwisho la ukoo wa Joakim, polepole, silabi kwa silabi, akisubiri kalamu imfikie.