Nyasi za Segerea na Fagio la Mama

Nilipohamia Segerea, miaka ile ya ruksa, ndugu zangu wa Mwananyamala walinipa pole. Wakati huo ukisema unakaa Segerea mtu alikutazama mara mbili, akili yake imeshakimbilia gerezani. Sikuwajali. Nilikuwa na nyumba ya vyumba vitatu na uwanja mpana wa mchanga ambao haukugusana na ukuta wa mtu. Nilibakiwa na haja mbili tu: mama akubali kuishi na mimi, na uwanja upate nyasi.

Ugonjwa wa nyasi niliupata Oysterbay, bosi wangu aliponituma na bahasha kwenye nyumba ya mzungu mmoja. Nilisimama getini nikitazama ule ukijani kama niliyeonyeshwa peponi. Kuanzia siku hiyo kila aliyepata kunisikiliza ofisini alisikia habari za bustani yangu, wakati sikuwa na hata jani moja.

Mama alikuja baada ya kumaliza eda ya baba. Alikuja na begi moja la mirabaraba, lile tunaloliita shangazi kaja, akalisukuma chini ya kitanda. Kabati nililomnunulia hakuligusa. Kila asubuhi alivuta begi, akatoa khanga za siku hiyo, akafunga zipu.

"Nimekuja kukutazama tu," alisema. "Wenzangu Mwananyamala wananingoja."

Niliogopa lile begi kuliko nilivyowaogopa wezi. Kule Mwananyamala angelala peke yake nyumbani na presha yake, na mimi nisingelala.

Fundi wa bustani nilimpata Kinondoni, kando ya barabara, akiuza miche ya maua kwenye makopo ya rangi. Alikuwa mtu mzima kutoka kusini, aliyewahi kutunza bustani za wazungu, na alinihoji yeye kana kwamba ndiye anayeniajiri. Maji yapo? Mchanga mtupu au una udongo? Mbuzi wa jirani wanafungwa? Nilijibu kwa adabu zote, nikapata kazi ya kuwa bosi wake.

Siku ya kwanza alimwamkia mama shikamoo. Mama akaitika, akamuuliza kwao wapi. Aliposikia ni kusini, uso ukamchangamka kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Kumbe mtani wangu! Mwanangu, funga jiko, panya wetu wote wataliwa."

"Bibi, panya wenu wamekonda," fundi akajibu. "Nyie watu wa pwani mnawashindisha njaa, mko ngomani."

Basi kila fundi alipokuja, ikawa ndiyo asubuhi yao. Walitukanana kwa raha, na mimi nilikwenda kazini nimetulia.

Fundi alipanda nyasi za Pemba, kipande kimoja kimoja, kwa mistari, kutoka kibarazani mpaka getini. Wiki ya kwanza zilipungua. Wiki ya pili zilikuwa na mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Fundi alisema ni mchwa. Nikanunua dawa ya mchwa. Akapanda tena, zikapungua tena, na mimi nikaanza kumwona tapeli.

Jumatatu moja niliamka mapema nimvizie huyo mchwa. Nilimkuta amejifunga khanga kiunoni, ameinama, ana fagio la chelewa mkononi. Mama alikuwa anafagia uwanja kama alivyofagia wa Mwananyamala maisha yake yote, baada ya swala ya alfajiri, mchanga ukibaki na mistari mizuri ya fagio. Nyasi zangu zilikuwa kwenye lundo la taka, pamoja na majani makavu.

"Mama! Hizo ni za kununua!"

"Nyasi mlangoni?" alishangaa kweli. "Watu watajua hapa ni mahame. Nyoka akipita utamjuaje? Uwanja uliofagiwa unakwambia nani kapita."

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Nilimnyang'anya fagio kwa upole, nikalifungia stoo. Nikamwambia amefagia vya kutosha tangu usichana wake, sasa akae kwenye kiti kibarazani atazame kijani, apumzike. Nilijiona mtoto mwema sana.

Mama alikaa. Alikaa siku nzima, na siku iliyofuata. Jioni ya siku ya pili nililikuta begi limetoka chini ya kitanda, liko juu.

"Jumamosi nipeleke kwangu," alisema.

Ijumaa fundi alikuja, akamchokoza kama kawaida. Mama akaitikia salamu tu, akatazama pembeni. Fundi akanifuata jikoni.

"Sista, bibi anaumwa?"

Nikamweleza yote. Aliguna. "Mie nilijua ni yeye tangu wiki ya kwanza. Mtani wangu, ningemsema vipi? Sasa wewe umemnyang'anya kazi, halafu unamwambia apumzike. Apumzike na nini?"

Nikamfuata uwanjani. Alichukua kamba na jembe, akazungushia kamba kipande kipana kuanzia mlango wa chumba cha mama mpaka getini, akaanza kung'oa nyasi alizozipanda mwenyewe. Pale ndipo zilipokuwa zimeshika vizuri. Roho iliniuma, sitaficha. Nilifikiria nitawaambia nini watu wa ofisini. Alipomaliza aliniomba ufunguo wa stoo, akaliegemeza fagio kwenye kiti cha mama.

"Mtani, uwanja wako huo. Ila fagio likivuka kamba, nakupeleka kwa mjumbe."

Mama alilitazama fagio, akaingia ndani. Usiku huo begi lilikuwa bado juu ya kitanda, na nilishakubaliana na mwenye pikapu aje saa tatu.

Jumamosi niliamka nikakuta kitanda kimetandikwa na begi halipo. Nilitoka mbio na khanga moja, nikijua kaondoka peke yake kwa hasira. Getini hakuna mtu. Mchanga ulikuwa na mistari ya fagio, imenyooka, na nyayo pekee zilizopita juu yake zilikuwa za fundi.

Nilisikia kelele uani. Mama alikuwa amemsimamia fundi aliyechuchumaa, akimwambia mtu wa kusini hajui hata kupanda asumini. Katikati yao lilikuwa shangazi kaja, mdomo wazi, limejaa samadi mpaka juu.

"Mama, na safari? Gari linakuja."

Alinitazama kama niliyeropoka.

"Mwambie arudi. Huoni begi lina kazi?"

Niliingia ndani. Nguo zake nilizikuta kabatini, zimekunjwa. Nikakaa kitandani nikalia, nikifuta machozi haraka, maana fundi angeniona angenicheka mwaka mzima.