Mkalimani Asiyejua Kiingereza

Mimi sinema ni ugonjwa. Nilipomaliza kidato cha nne wenzangu walitafuta vyuo, mimi nikatafuta kazi kwenye kibanda umiza cha Masuguru, hapa Korogwe: mabenchi kumi, runinga moja, kuta za mabati na turubai. Mama aliona aibu, binti mzima kushinda na wahuni wanaotazama filamu za ngumi. Nikamwambia hao wahuni ndio wa kwanza kulia filamu ikihuzunisha. Hakuniamini, na hajawahi kuja kuona.

Kazi yangu ilikuwa kuweka filamu, kupanga watu na kuwanyamazisha. Mwenye kibanda ndiye aliyetafsiri. Alisimama na maiki pembeni ya runinga, na kila aliyefungua mdomo mle ndani alimsemea yeye: mwanamke, jambazi, mtoto, hata farasi. Kwenye sinema zake jambazi hampigi mzee risasi kabla ya kumwamkia shikamoo. Polisi wakija kuvunja mlango wanabisha hodi kwanza. Wiki ya kwanza tu niligundua kwamba Kiingereza hakijui, hata cha kuombea maji. Nikanyamaza, maana filamu zake zilikuwa tamu kuliko zile zenyewe, na mimi kwa utamu sina ujanja.

Asubuhi, kabla watu hawajaja, nilikuwa namkuta peke yake anatazama filamu ya siku hiyo, sauti kaizima kabisa. Anairudia mara tatu. Siku moja nikamuuliza kwa nini.

"Makelele yananichanganya," akasema.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ujinga wangu mwenyewe.

Siku za mnada tulipakia runinga, jenereta, mabenchi na turubai, tukaenda kusimamisha banda Handeni. Huko tulikuwa na mteja wetu wa kudumu, mzee wa Kimasai aliyekaa benchi la mbele, fimbo katikati ya magoti. Mnada mzima ulijua habari zake: kijana wake aliuza ng'ombe bila kumwambia, akamfukuza, na huu ulikuwa mwaka wa tatu hawasemezani. Ukimtaja huyo kijana, mzee anahama benchi.

Siku ninayoisema, filamu ilikuwa ya baba na mwana. Mwana katoka mbali, kasimama na begi lake nje ya mlango wa babake. Baba yuko ndani, anasema maneno mafupi, kijana anageuka na kuondoka. Mkalimani akaisema sauti ya baba: "Mwanangu, mlango hauna komeo. Sukuma." Kijana alipoanza kwenda, akaongeza kwa sauti yake mwenyewe, "Maskini. Hakusikia. Lori limepita."

Banda zima liliguna. Wengine walikuwa wanamwita yule kijana arudi. Mzee wa Kimasai alikuwa kainama, kashika fimbo kwa mikono miwili.

Ndipo huko nyuma akasimama kijana mmoja wa chuo, miwani kaipandisha kichwani. "Huyu anawapiga fiksi. Baba kasema toka, sina mtoto. Na lori lenyewe halipo."

Kelele zikaanza. Wakanigeukia mimi: dada, wewe umesoma, sema. Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Nikikubali, namuaibisha mtu ninayemheshimu kuliko walimu wangu wote. Na yule mzee wa mbele kainua kichwa, ananitazama kana kwamba mimi ndiye nitakayeamua kama mwanawe arudi au asirudi.

"Kasema toka," nikajibu. Uongo ulinishinda.

Mzee akaanza kukusanya shuka lake.

Mkalimani hakunikasirikia. Aliniambia tu, "Rudisha nyuma. Zima sauti." Nikafanya hivyo. Tukatazama, jenereta pekee ndilo linalonguruma. Baba anasema maneno yake. Mkono wake uko kwenye kitasa, haufungui wala hauachii. Kijana anaondoka, anafika barabarani, mkono bado uko kwenye kitasa. Filamu ile nilikuwa nimeitazama mara mbili na Kiingereza changu chote, na ule mkono sikuuona.

"Kiingereza sikijui," akasema, maiki kaiweka chini. "Mimi nimetafsiri mkono."

Hakuna aliyemzomea. Yule wa chuo akakaa. Mzee wa Kimasai akainuka, akatoka nje, akasimama nyuma ya turubai. Tukamsikia anaongea na simu kwa Kimasai, maneno machache, kimya kirefu, tena maneno machache. Mle ndani hakuna aliyekielewa Kimasai. Mkalimani akaenda kuchungulia kwenye tundu la turubai, akatazama kwa muda mrefu, kisha akarudi akaniinamia sikioni.

"Anamwambia asukume."