Siku Mama Mkwe Alipotuchagulia Jukwaa la Pikapu

Kioo cha nyuma cha pikapu yangu nilikivunja mwenyewe, Jumamosi asubuhi, mama mkwe akitazama.

Tulikuwa tunaishi ughaibuni, katika kitongoji cha Oakdale. Mke wangu ni nesi katika hospitali moja ya Minneapolis, na mwenzake wa wodini, alipostaafu na kuhamia majimbo ya joto, alimwachia pikipiki mbili za theluji kwa bei ya kirafiki. Nilidhani ni mzaha. Mke wangu akasema ameitazama theluji kupitia dirisha miaka tisa kama mgonjwa, na sasa anataka kuipanda.

Asiyeijua pikipiki hiyo afikirie pikipiki iliyonyang'anywa magurudumu, ikapewa miguu miwili ya kutelezea mbele na mkanda mpana wa mpira nyuma. Ni nzito, na haiendeshwi barabarani. Lazima uibebe hadi kwenye njia zake huko kaskazini. Ndiyo maana asubuhi ile niliegemeza mbao mbili kwenye pikapu, nikaiwasha moja na kuipandisha. Ilipanda vizuri. Tatizo ni kwamba haikusimama. Pua yake ilipita kwenye kioo ikatulia juu ya kiti cha mtoto, ambacho kwa rehema za Mungu kilikuwa kitupu.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, binti yetu wa miezi saba amembeba mgongoni chini ya koti.

"Mjukuu wangu," akasema, "muulize baba yako kama ameumia."

"Mwambie nyanya niko salama," nikajibu.

Hapa sina budi kueleza. Sisi ni Wakisii, na kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawapeani mikono wala hawakai kiti kimoja. Nyumbani angekuja kututembelea angelala kwa jirani, lakini jirani yetu wa Oakdale ni mzee anayeishi peke yake na paka wanne, kwa hiyo tulimpa mama vyumba vya chini ya nyumba. Alipokuwa na neno nami, alimwambia mtoto. Nami nilimjibu mtoto. Mtoto alitusikiliza wote kwa makini na kutafuna kidole.

"Muulize tena," mama mkwe akaendelea, "mzigo kama huo unapandaje gari bila kitu cha kuuzuia mbele."

Aliyajua mambo hayo. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa na malori mawili ya kubeba ng'ombe na ndizi kutoka Kisii hadi Nairobi. Kuendesha hakujua, ila hakuna lori lililoondoka kabla hajapanda juu na kuvuta kila kamba kwa mkono wake.

Mke wangu aliporudi kutoka kazini na kuona kioo, hakugomba. Alisema tu kwamba watu wenye akili hununua jukwaa la kufunga juu ya pikapu, na kwamba nisinunue lolote ambalo Mama hajaliona.

Kwa hiyo wiki iliyofuata, mke wangu akiwa zamuni, tulikwenda dukani sisi watatu. Mama mkwe alikaa nyuma, upande wa mbali kabisa na mimi, mtoto katikati.

Muuzaji alikuwa mzee mrefu wa ndevu nyeupe, mpole kama wengi wa huku. Alitueleza kwamba jukwaa ni sakafu bapa inayokaa juu ya kingo za pikapu na kuzidi pande zote mbili, ili pikipiki mbili zisimame sambamba, na chini yake huvutwa daraja la kupandishia. Kisha akatuonyesha la kwanza, la chuma, zito kama lango la gereza. Nililipenda papo hapo.

"Mjukuu wangu, muulize baba yako gari lake limeandikiwa kubeba kiasi gani."

Nilifungua mlango wa dereva nikasoma kile kibandiko ambacho nilikuwa nimekiona kila siku bila kukisoma. Tukajumlisha jukwaa, pikipiki mbili, watu wazima watatu, mtoto na mizigo. Tulizidi kabla hatujafika kwenye mizigo. Muuzaji akakiri kwamba lile lilifaa gari kubwa zaidi.

La pili lilikuwa la alumini, jepesi, na daraja lake lilikuwa laini linang'aa. Mama mkwe alilizunguka mara mbili. Kisha akatoa chupa ya chai kwenye mkoba na kumwaga kikombe kizima juu ya daraja.

"Mwambie baba yako amwombe huyu mzee apande."

Nikatafsiri. Muuzaji akatabasamu, akasema hilo huuzwa kila msimu na halina shida, akapanda hatua mbili. Ya tatu hakuimaliza. Aliteleza taratibu, mikono imenyooshwa kama mtu anayebariki, mpaka akakaa sakafuni juu ya chai ya maziwa. Nilimkimbilia. Hakuwa ameumia. Alimtazama mtoto mgongoni kwa mama mkwe, akamwambia kwa heshima zote, "Tafadhali mwambie bibi yako amesema kweli."

Sikujua alikuwa ametusoma tangu saa ngapi.

La tatu pia lilikuwa la alumini, lakini sakafu na daraja vilikuwa na matundu yenye meno ya kushika kiatu. Mbele lilikuwa na mhimili imara wa kuizuia pikipiki isivuke, na kwenye pembe zote pete za kufungia mikanda. Mama mkwe alinikabidhi mtoto kwa kumweka kwanza kwenye kaunta, ili mikono yetu isigusane, akapanda na kurukaruka juu yake akiwa na leso juu ya koti la baridi. Muuzaji alifumba macho. Halafu mama mkwe akauliza, kupitia mtoto na mimi, anayeshuka kwenye pikipiki atakanyaga wapi. Muuzaji akavuta mbawa mbili za pembeni, pana za kutosha mtu kusimama. Tulilinunua hilo.

Jumapili baada ya kanisa tukapakia. Pikipiki ya kwanza ilikaa bila shida. Ya pili nikiwa katikati ya daraja niliona inapunguza mwendo, nikaingiwa na hofu, na badala ya kuachia mafuta nikayakaza. Ikaruka mbele.

"Wewe, achilia mkono!"

Niliachilia. Pikipiki ikagonga mhimili na kusimama, kioo kipya mbele yangu hakina hata mkwaruzo. Ndipo nikatambua kwamba hayo yalikuwa maneno ya kwanza ambayo mama mkwe amewahi kuniambia ana kwa ana katika miaka sita ya ndoa. Naye alitambua. Alijifunika uso kwa leso akateremka kwenye vyumba vya chini na hakutoka. Chakula cha jioni akakataa. Mke wangu ikabidi ampigie simu mjomba wake Kisii aamue kama mwiko umevunjwa, naye aliuliza kama nilikuwa nimeguswa. Hapana. Akauliza kama pikipiki ilipona. Ndiyo. Akasema basi hakuna kosa, mwanamke huyo ale ugali wake.

Wikendi iliyofuata tulikwenda kaskazini. Kila kituo cha mafuta mama mkwe alishuka kuvuta mikanda, na mara moja aliwatazama wenye gari la jirani kwa huzuni mpaka nao wakashuka kuikaza yao.

Tulipofika, mke wangu alizunguka uwanja kwa pikipiki akipiga kelele za furaha ambazo sikuwahi kuzisikia hata siku ya harusi yetu. Mama yake akamwita, akapanda nyuma yake bila kuomba ruhusa ya mtu. Walipotea nyuma ya misonobari kwa muda mrefu kiasi kwamba nilianza kuwa na wasiwasi. Waliporudi, kope za mama mkwe zilikuwa nyeupe kwa barafu. Alishuka, akajinyoosha mgongo, akasema kiti ni kigumu mno na mwenye akili angeweka mto.

Kisha akapanda tena.